Mgeni kaniuliza boti ya kulala iko wapi, nikakosa jibu. Ziwa letu la Victoria limekosa meli au limekosa waongozaji?

#1 Kijana wa Capri Point

Habari za jioni wadau.

Kazi yangu ni kuongoza wageni. Siku nyingi niko barabarani, Mwanza hadi lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti na kurudi, ila wageni wakibaki mjini huwa nawavusha kisiwa cha Saanane. Wiki iliyopita nilikuwa na mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, aliyewahi kufika visiwa vya Galápagos kule Ecuador. Tumeondoka tu gatini akaniuliza, "Boti yenu ya kulala huondoka siku gani?" Nikamwambia mama, hii yetu ni ya dakika kumi, tunashuka pale mbele. Akasema hapana, anaulizia ile ya siku nne au tano, inayozunguka visiwa na mwongozaji yumo humo humo, asubuhi mnashuka kisiwa hiki, jioni mnatia nanga mbele ya kingine. Nikanyamaza.

Mara akanionyesha ndege majini. Mwili hauonekani, ni shingo tu imechomoza kama nyoka. Nikajibu haraka, "mnandi". Akaandika kwenye daftari lake. Kisha akauliza ndege hawa wanakula nini siku hizi baada ya sangara kulibadilisha ziwa. Hapo nikakosa jibu mara ya pili.

Simba ningemweleza mpaka kuche. Nilifundishwa kusoma nyayo, kusimamisha gari mahali salama, kukaa upande sahihi wa upepo. Kusoma maji sikufundishwa hata siku moja. Ndiyo maana nasema hivi: ziwa lina kilomita za mraba 68,800, karibu nusu yake iko kwetu, na tuna hifadhi mbili za taifa humo, Saanane na Rubondo. Meli ni kitu cha kununua. Tunachokosa ni mwongozaji anayelijua ziwa kama wenzetu wa Serengeti wanavyolijua pori. Nikosoeni.

#2 Ngosha Igombe

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, dakika kumi? Hiyo boti yenu inapigwa makasia? Saanane ni dakika tano!

#3 Nahodha Mstaafu

Kijana, hoja yako ni nzuri ila umeishika mkiani.

Nimeendesha vyombo ziwa hili zaidi ya miaka ishirini. Sikiliza linavyofanya kazi. Mchana nchi kavu inashika joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Usiku unageuka: nchi inapoa upesi, maji yanabaki na joto lake, pepo zinatoka pande zote za ufuko na kukutana huko ndani. Zikikutana hupanda juu na kuzaa mvua ya radi, kuanzia usiku wa manane mpaka alfajiri, na upande wa magharibi ndiko kwenyewe. Rubondo iko wapi? Kona ya kusini-magharibi.

Sasa hizo meli ndogo za wenzetu biashara yao ni kutembea usiku wageni wamelala, kukicha wako kisiwa kingine. Hapa usiku ndio wakati wa kujibanza nyuma ya kisiwa na kusubiri. Ukiwa ndani ya ghuba ya Mwanza hulioni ziwa vizuri. Ukishatoka nje ya ghuba, chombo chenye vyumba vingi juu na kina kifupi chini kinalala ubavu kabla abiria hajashika chochote. Tafuteni chombo kinachofaa, mpangeni safari za mchana, ndipo mzungumzie mwongozaji.

#4 Binti Nansio

Mzee shikamoo. Umesema vizuri lakini kuna jambo mnalizunguka wote wawili.

Mimi ni wa Ukerewe. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, nilikuwa mdogo, nakumbuka redio na watu wazima kukaa kimya. MV Nyerere ikazama tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara, nchi kavu inaonekana kwa macho. Hiyo nilikuwa mtu mzima na nilijua majina. Mama yangu hapandi chombo mpaka leo bila kumshika mtu mkono.

Huwezi kujenga utalii wa majini mahali ambapo wenyeji wenyewe wanapanda chombo wakiomba dua. Watoto wetu hawaendi ziwani kuangalia ndege, wanakatazwa kusogea. Mwongozaji wa ziwa atatoka wapi? Nyie mnabishana upepo na waongozaji, mimi naona ni hofu, na hofu hiyo ina sababu.

#5 Mhasibu wa Safari

Poleni, dada. Naongeza upande wangu, ambao ni hesabu tu.

Mgeni anakuja na siku saba au nane. Serengeti anaipa nne, Ngorongoro moja, Zanzibar zilizobaki. Mwanza anaipa mchana mmoja akisubiri ndege. Meli ina mabaharia, mpishi, mafuta, bima, ukaguzi wa TASAC wanaosimamia vyombo vya majini, na tozo za hifadhi za kila mgeni. Ikiwa na wageni wawili au ishirini, mabaharia ni wale wale na injini inanguruma vile vile.

Na huyo mama asiwachanganye na Galápagos. Kule sheria inasema mgeni hatembei kwenye hifadhi bila mwongozaji aliyeidhinishwa, mwongozaji mmoja kwa wageni wasiozidi 16, na meli isizidi abiria 100. Sheria ndiyo iliyomtengenezea mwongozaji kazi yake. Kwetu soko lenyewe bado halijamwita.

#6 Ngosha Igombe

Mhasibu, soko haliwezi kumwita mtu lisiyemjua.

Mimi nimekulia mwaloni, wanapofikia wavuvi. Kuna boti ya wageni ilikuja upande wetu, kampuni siitaji, propela ikakamata nyavu. Yule mwongozaji amevaa shati safi la mifuko mingi na darubini shingoni, anauliza "hiki ni nini?" Kaka, hizo ni nyavu za mtu, na mwenyewe anakuja na mtumbwi wake amekasirika! Aliyeokoa siku ile ni mzee mmoja wa pale. Alizima injini, akainua mashine, akakata nyuzi mbili tu kwa kisu, akaongea na mwenye nyavu, wakaelewana. Halafu wakati wanasubiri akawaonyesha wageni maji yaliyobadilika rangi, akawaambia dagaa wako hapa chini, angalieni ndege watakuja. Wakaja. Wageni walipiga picha kuliko siku nzima iliyopita.

Mwongozaji mnaye. Ni mvuvi. Mfundisheni lugha, mpeni darubini.

Na mkitaka kuuza kitu ambacho Galápagos hawana, wapelekeni wageni usiku wa giza waone taa za dagaa. Ziwa linawaka mpaka upeo wa macho, unadhani kuna mji kule. Mwezi ukiwa mpevu hakuna, wanadagaa wanapumzika. Hayo kitabu cha mwongozo hakina.

#7 Mpishi wa Majini

Salaam. Sio mtu wa Mwanza kwa kuzaliwa, nimeoa hapo. Nilikaa misimu mitatu jikoni kwenye meli ndogo inayopeleka watalii Antaktika. Niwape nilichokiona kwa macho kuhusu waongozaji, maana naona kila mtu anamchora wa kwake.

Wale ni wanasayansi nusu na mabaharia nusu. Huyu kasomea ndege, yule nyangumi, mwingine barafu na mawe. Lakini asubuhi ndio hao hao wanaoendesha mashua za mpira kuwashusha wageni. Anashika usukani kwa mkono mmoja, macho yako kwenye wimbi, mdomo unaeleza pengwini. Kabla ya kushuka wanawasafisha wageni viatu kwa brashi na dawa, mbegu au uchafu wa nchi nyingine usiingie. Nchi kavu hawaruhusu wageni zaidi ya 100 kwa wakati mmoja, na mgeni anakaa mita 5 mbali na pengwini. Pengwini akija mwenyewe ni sawa, wewe usimfuate.

Pale mlangoni kuna ubao wenye kibao cha kila mtu. Ukitoka unageuza chako, ukirudi unakigeuza tena. Kibao kimoja kisiporudi meli haing'oi nanga. Dada wa Nansio, niliposoma chapisho lako namba 4 nilikikumbuka kile kibao.

Jioni ndiyo kazi yao kubwa. Baada ya chakula wanakaa na wageni ukumbini, wanapitia siku nzima: tulichoona, ambacho hatukuona na kwa nini. Kuna jioni mtu wa ndege alisimama akasema, "Asubuhi nilikosea, yule hakuwa niliyemtaja." Wageni wakampigia makofi.

#8 Kijana wa Capri Point

Asanteni wote, sijutii kuuliza. Mpishi, hiyo ya jioni imenigusa. Sisi kwenye gari tukishamshusha mgeni hotelini, kazi imeisha.

Ngosha, sibishi kuhusu mvuvi. Ila huyo mzee wako akiulizwa kwa nini Rubondo kuna sokwe na twiga kwenye kisiwa kimoja, ataeleza? Mimi hilo angalau nalijua, sokwe walipelekwa na Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe.

#9 Mdiria

Nilikuwa nasoma kimya, namba 8 imenitoa.

Si Jane Goodall. Yeye alikuwa wa Gombe, Ziwa Tanganyika, kuanzia 1960, na wale wa Gombe ni wa pale pale asili yao. Wa Rubondo walipelekwa na Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, na shirika lake la Frankfurt kati ya 1966 na 1969, kwa mafungu. Idadi utaikuta 16 au 17 kutegemea unasoma wapi. Walitoka bustani za wanyama za Ulaya, wengi wao wamezoea vizimba. Wakafunguliwa bila mafunzo yoyote, wakajifunza wenyewe matunda ya msituni na kutengeneza matandiko mitini. Uzao wao ndio uliopo leo. Tembo na twiga nao ni wahamiaji. Faru weusi walipelekwa pia, majangili wakawamaliza.

Mwenyeji halisi wa Rubondo ni nzohe. Swala wa kwenye mafunjo, kwato ndefu zinazopanuka asizame kwenye tope, akiogopa anaingia majini na kubakiza pua. Huyo humwoni kwa gari hata ukipewa barabara. Anataka boti, injini imezimwa, mwongozaji anayejua kunyamaza. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 28, na katika kilomita za mraba 456.8 za hifadhi karibu nusu ni maji. Kwa hiyo nakuunga mkono kwenye hoja, nakukosoa kwenye historia.

La pili. Ndege aliyetoa shingo tu kama nyoka si mnandi. Ni mbizi. Mnandi mgongo wake unaonekana akiogelea na mdomo wake una ndoano. Mbizi anazamisha mwili wote, mdomo umenyooka kama mkuki, na ndio anaomchomea samaki.

La tatu, swali la mama kuhusu chakula. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliweka kambi Mwanza kuanzia miaka ya 1970 kuchunguza furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Sangara alikuwa amepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 na 1960, miaka ya 1980 akalipuka, furu wakaanguka, spishi nyingi hazijaonekana tena. Dagaa wakaongezeka. Kwenye ghuba yetu waligundua kwamba ndege mdiria aliyekuwa anakula furu alihamia kwenye dagaa. Ndege yule anayesimama hewani akipiga mabawa hapo mbele ya Jiwe la Bismarck amebadilisha mlo ndani ya miaka michache. Mwongozaji akisema hilo, mgeni anaona ziwa zima kwenye ndege mmoja.

#10 Nahodha Mstaafu

Mdiria, umetoa elimu, nashukuru. Kwenye mbizi nina shaka. Yule mnandi mdogo mwenye mkia mrefu naye huzama mpaka shingo, hasa akiwa ametoka kupiga mbizi kwa muda mrefu. Nimewaona miaka yote hiyo nikiwa usukani. Kama kijana hakuona mdomo, asibadilishe jibu haraka.

#11 Pimbi wa Mawe

Mnaongelea ndege na sokwe, pimbi wangu wa Saanane mmewasahau? Mnyama mdogo wa kwenye mawe, ukubwa wa sungura, na ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva! Nikiwaambia wageni hawaamini mpaka wakague meno na kwato zake. Hifadhi ya taifa tangu 1964 hiyo, mjini kabisa.

#12 Mdiria

Pimbi na tembo ni kweli. Mwaka sio. 1964 ilianza kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. 1991 ikawa pori la akiba, hifadhi ya taifa ni 2013. Jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale, akilima na kuvua.

#13 Ngosha Igombe

Umeona? Hata hifadhi imepewa jina la mvuvi. Nimemaliza.

#14 Omwana wa Bukoba

Hamjambo. Nauliza, mbona wenzetu Uganda wanapeleka wageni kwa boti kisiwa cha Ngamba kuona sokwe, tangu 1998? Ziwa ni hili hili, radi ni hizi hizi, historia za ajali wanazo. Mnieleze hofu na upepo vimeishia mpakani?

Halafu daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 watu wanapita kwa gari. Vivuko vya pale si vigeuzwe vya watalii?

#15 Nahodha Mstaafu

Kivuko kina sakafu ya kubeba malori, bapa kama sinia. Ukikipeleka Rubondo utawalaza wageni wapi, kwenye njia panda ya magari? Na Ngamba ni safari ya mchana kutoka Entebbe, wageni wanarudi. Hiyo hata sisi tunaweza. Kijana aliuliza ya kulala.

#16 Binti Nansio

Omwana, hofu haijaishia mpakani. Kule mgeni anavaa jaketi la kuokolea kabla injini haijawaka na idadi inajulikana. Ndicho Mpishi alichosema cha ubao. Mimi siku nikiona chombo kinakataa kuondoka kwa sababu kibao kimoja hakijageuzwa, nitampandisha mama.

#17 Mhudumu wa Zahanati

Niingize neno. Nimemsikia Mpishi na mashua za mpira, wageni wanarukia ufukweni. Hapa maji ya kando yenye majani na konokono yana kichocho. Mgeni akikanyaga maji dakika chache anaweza kuondoka nacho na asijue mpaka afike kwao. Dawa ipo na inatibu, lakini mwongozaji lazima ajue wapi pa kushushia watu bila kulowa. Kiboko na mamba wote mnawaogopa, konokono hakuna aliyemtaja kwenye machapisho 16.

#18 Kijana wa Capri Point

Dada asante sana, hili sikulifikiria.

#19 Mhasibu wa Safari

Naona kila mtu anaongeza sifa za huyu mwongozaji: ndege, nyavu, radi, konokono, historia ya sokwe, lugha, kutuliza wenye hofu. Mtu huyo akipatikana mshahara wake nani ataulipa? Kwenye mbuga anapata bahashishi ya siku tano. Ziwani anapata ya nusu siku. Mimi simlaumu akirudi kwenye gari.

#20 Mpishi wa Majini

Mhasibu, kule hakuna aliyekuwa na vyote. Walikuwa saba, kila mmoja na lake, usiku wanabishana mezani kwangu mpaka chai inapoa. Na neno la mwisho juu ya kushuka au kutoshuka lilikuwa la nahodha, hata kama nyangumi wako upande ule. Niliwahi kuona wageni waliolipa pesa nyingi wakiambiwa leo hatushuki, upepo umegeuka. Mwongozaji akabadilisha somo palepale, akawaonyesha ndege wa baharini kutoka sitahani kwa saa mbili.

Chukueni mhitimu mmoja wa Pasiansi, chuo cha wanyamapori si kiko hapo hapo Mwanza? Chukueni na mzee mmoja wa Igombe. Wawekeni boti moja.

#21 Ngosha Igombe

Mzee wa Igombe atakubali. Huyo mhitimu atakubali kuamka saa nane usiku?

#22 Omwana wa Bukoba

Na wakibishana jina la ndege mbele ya wageni?

#23 Mdiria

Wabishane. Tai mla samaki peke yake wengine humwita furukombe, wengine kwazi, na kila kisiwa kina jina lake. Binti Nansio, Kikerewe mnamwitaje mbizi?

#24 Binti Nansio

Nitamuuliza mama, nisije nikawapa la ndege mwingine.

#25 Kijana wa Capri Point

Wakuu, nimerudi. Leo alfajiri nilikwenda peke yangu kando ya Capri Point, nikakaa kwenye mawe toka saa kumi na mbili kasoro. Niliona mdiria sita, wawili kati yao wakienda mbali kabisa na ufuko, wanasimama hewani, wanadaka, na kummeza samaki bila kurudi tawini. Sikuwahi kuliona hilo na nimepita hapo mamia ya mara.

Na yule wa shingo alitokea. Mdomo umenyooka, nina hakika kama asilimia themanini. Nimepiga picha kwa simu, naiweka hapa chini. Yule mama bado sijamwandikia, nasubiri mseme.

Ngosha, Jumapili ijayo nipo. Mwezi utakuwa umekwisha?

#26 Ngosha Igombe

Utakuwa mwembamba, unazama mapema. Njoo mwaloni saa kumi na moja jioni, vaa sweta. Jaketi la kuokolea ninalo la ziada.

#27 Nahodha Mstaafu

Angalieni utabiri wa TMA wa ziwa kabla ya kuondoka. Radi ikianza kumulika upande wa Sengerema msingoje karabai ya mwisho, rudini.

Picha nimeikuza. Ina giza. Naona shingo, mdomo sijauona.

#28 Mdiria

Mzee, angalia pale shingo inapokunjika. Huyo ni mbizi.

#29 Nahodha Mstaafu

Mnandi mdogo naye hukunja. Piga nyingine jua likiwa nyuma yako.